Alama ya ndala: kisa cha fundi mwashi aliyebadilika sura

Nilimwona mara ya kwanza mwezi wa kumi, katika kituo cha afya kimoja mkoani Iringa nilikokuwa tabibu. Mwanamume wa miaka 46, fundi mwashi, ameletwa na dada yake mkubwa. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Nitamwita Fundi, maana hata mtaani kwao hakuna aliyemwita jina jingine.

Dada ndiye aliyezungumza. "Daktari, mtazame mdogo wangu. Huyu siye niliyembeba mgongoni." Fundi mwenyewe alikaa kimya, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, mikono ya shati ameikunja mpaka viwikoni kama yuko kazini.

Mtaani walikuwa wamekwisha kumpima kabla yangu. Wako waliosema ameathirika, kwa sababu mapaja na mikono imekonda na midomo imekuwa myekundu. Wako waliosema anajipaka mkorogo, kwa kuwa uso una rangi yake na shingo ina rangi yake. Shangazi yao alisema ni mkono wa mtu, fundi mwenzake waliyegombania kazi ya kujenga madarasa. Na wako, hawa ndio walionishangaza zaidi, waliosema amenawiri, eti mashavu yamejaa siku hizi. Wote hao walikuwa wanautazama uso mmoja.

Fundi alikuwa na maelezo yake. "Ni saruji tu, daktari. Saruji inanila."

Nikamwamini, na nilikuwa na sababu. Saruji mbichi ina ukali kama wa chokaa, na mara nyingi huwa na kromiamu, ambayo ngozi ya mtu huweza kuanza kuikataa hata baada ya kuivumilia miaka mingi. Mikono ya mafundi iliyopasuka na kuota magamba nilikuwa nimeiona mara kadhaa. Nikamwandikia krimu ya kupunguza uvimbe kwa ajili ya mikono, dawa ya fangasi kwa ajili ya shingo, nikamshauri avae glavu. Kipimo cha VVU kilikuwa hasi. Nikamuuliza kama anakunywa pombe, akasema, "Kidogo, jioni." Kwenye kadi yake nikaandika neno hilohilo: kidogo.

Nimelifikiria sana neno hilo tangu siku ile. Ningemuuliza kidogo ni kopo ngapi, za nini, na cha kwanza anakunywa saa ngapi, tungeokoa wiki tano.

Waliporudi, ngozi ya mikono ilikuwa imepasuka na sehemu nyingine zinatoa maji. Alikuwa anaharisha mara tatu au nne kwa siku, jambo alilosema ni la kawaida kwa mtu anayetumia pombe ya kienyeji. Usiku hapati usingizi. Anakasirikia watoto wa dada yake kwa jambo dogo. Kisha dada akasema kitu ambacho Fundi hakutaka kisemwe: amejenga uwazi wa mlango mmoja mara mbili, na mara zote mbili fremu imekataa kuingia. Mtu aliyekuwa akiangalia ukuta kwa jicho tu na kukuambia umelala sentimita moja, sasa anasahau kipimo kati ya kukisoma na kukifuata.

Safari hii nilimwomba avue kofia, shati na ndala.

Mikono yote miwili ilikuwa myeusi, minene, yenye magamba, kuanzia vidoleni hadi karibu na viwiko, kisha ugonjwa unakoma kwenye mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Mstari huo uko pale alipozoea kukunjia shati. Shingoni kulikuwa na mkanda mpana uliozunguka kama kola na kushuka kidogo kifuani, pale shati linapoachwa wazi. Juu ya miguu hali ilikuwa hiyohiyo, isipokuwa sehemu moja: michirizi miwili ya ngozi nzima, laini, iliyoanzia katikati ya kidole gumba na cha pili ikaachana kuelekea pembeni. Ilikuwa ni mikanda ya ndala.

Hapo ndipo hoja ya saruji ilipovunjika. Saruji ingeingia chini ya mkanda wa ndala, ikanaswa pale pamoja na jasho, na ngozi ya pale ndiyo ingeumia kuliko zote. Hapa ngozi iliyofunikwa na mkanda ndiyo iliyopona. Shingo nayo haigusi saruji. Fangasi hawafuati kola ya shati wala hawaumbi mikono miwili sawasawa kama glavu. Kinachofika mikononi, shingoni na juu ya miguu, na kuzuiwa na utepe mwembamba wa plastiki, ni jua. Jua lenyewe, hata hivyo, halimli hivi mtu mwenye ngozi nyeusi aliyefanya kazi juani miaka 25. Kuna kitu kilichoiondolea ngozi uwezo wa kulistahimili.

Ngozi inayochomwa na jua, kuhara, na akili inayopotea njia. Ukiviweka vitatu hivyo pamoja kwa mtu anayekunywa kila siku, una pelagra, ugonjwa wa upungufu wa lishe, mpaka itakapothibitika vinginevyo. Nilimuuliza kama amewahi kutumia isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, kwa sababu nayo inaweza kuleta hali hii. Hakuwahi.

Safari hii pombe tuliihesabu, na aliyetusaidia kuhesabu ni dada. Asubuhi, kabla ya mswaki, nusu kikombe cha gongo cha kutoa loki, mikono iache kutetemeka ili ashike mwiko. Mchana ulanzi ukiwa msimu wake, usipokuwepo komoni. Jioni gongo tena, kilabuni, mpaka fedha ya siku iishe. Na chakula? Dada akacheka kwa uchungu. Ugali wa sembe na mchicha usiku, siku anazorudi na fahamu. Siku nyingine hali kabisa. Alisema pombe inamshibisha, na kwa namna fulani alikuwa anasema kweli, kwa sababu pombe ina nishati nyingi. Haina tu kile ambacho ngozi yake ilikuwa inakililia.

Kitu hicho ni niasini, vitamini B3. Mwanamume anahitaji takriban miligramu 16 kwa siku. Mwili huipata kwa njia mbili: kuila moja kwa moja, au kuitengeneza kutokana na triptofani, moja ya viambata vya protini, ambapo takriban miligramu 60 za triptofani hutoa miligramu moja ya niasini. Mahindi yanamwangusha mtu kwenye njia zote mbili. Niasini yake imefungwa ndani ya punje kiasi kwamba utumbo hauwezi kuifungua, na triptofani yake ni haba. Ndiyo maana ugali wenye maharage, dagaa, yai au karanga pembeni haumdhuru mtu. Unaomdhuru ni ugali uliobaki peke yake. Watu wa Meksiko wamekula mahindi kwa maelfu ya miaka bila janga hili, kwa kuwa huyachemsha na chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa huifungua ile niasini.

Sasa mwagia pombe juu ya ugali huo. Pombe inapunguza hamu ya kula. Inaudhoofisha utumbo usifyonze vizuri. Inapunguza vitamini B6, inayohitajika ili triptofani igeuke niasini. Isitoshe, kimeng'enya cha ini kinachoanza kuivunja pombe hufanya kazi kwa kutumia NAD, molekuli ambayo mwili huiunda kutokana na niasini hiyohiyo. Mnywaji anabana mlango wa kuingizia na wakati huohuo anaongeza kazi ndani.

Kuna jambo hapa ambalo sikulijua mpaka kisa hiki kiliponilazimisha kulifikiri. Komoni ni nzito, ina machicha ya nafaka na hamira hai, hivyo hubeba vitamini B kiasi. Gongo ni mvuke uliopozwa. Unapochemsha kangara ili upate gongo, kinachopanda kwenye bomba ni pombe na maji, na vitamini zinabaki kwenye pipa na kumwagwa pamoja na machicha. Fundi alikuwa ameanza na komoni alipokuwa kijana, na kwa miaka mingi ngozi yake haikuwa na tatizo. Alihamia gongo kwa sababu inafanya kazi haraka kwa fedha ndogo. Ngozi ilianza kubadilika, kwa hesabu ya dada yake, mwaka mmoja na nusu baada ya hapo. Simsemei mtu kwamba komoni ni dawa, na sitaki mtu aelewe hivyo. Nasema kwamba aina ya pombe na sahani iliyo pembeni yake huandikwa usoni.

Na uso wa Fundi ulikuwa umeandikwa mengi zaidi ya pelagra. Naomba niukalie kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wa mtaani, na mimi pamoja nao, tulipotea.

Mashavu yaliyoitwa kunawiri hayakuwa mafuta. Niliweka vidole mbele ya masikio na kushuka hadi pembe ya taya: tezi za mate zilikuwa zimevimba pande zote mbili, laini, bila maumivu. Hutokea kwa wanywaji wa muda mrefu wasiokula vizuri. Uso unakuwa mpana chini, na anayekutana na mtu huyo njiani anampongeza. Ukishuka begani unakuta mifupa. Ninapoona mashavu yaliyojaa juu ya mikono iliyokonda, siku hizi sisemi chochote kabla sijagusa taya.

Uvimbe wa chini ya macho kila asubuhi ni jambo jingine, na huu hata mnywaji wa Jumamosi peke yake anaujua. Pombe huizima kwa muda homoni inayoiambia figo itunze maji, ndiyo maana mtu anakojoa kuliko alichokunywa. Midomo inakauka, ngozi inafifia. Baadaye mwili hujaribu kufidia kwa kushikilia maji na chumvi, na ngozi nyembamba inayozunguka jicho ndiyo ya kwanza kuonyesha. Ongeza usingizi mbovu, kwa sababu pombe humlaza mtu upesi kisha ikamkatakata usingizi wake usiku wa manane. Kwa mtu asiyekunywa kila siku, sura hiyo hurudi yenyewe kwa siku moja au mbili. Ya Fundi haikuwa na siku ya kurudi.

Macho yake yalikuwa mekundu, yaani mishipa midogo ya damu imetanuka. Sikuona manjano. Watu huchanganya hivi viwili, na tofauti yake ni kubwa: macho ya njano yanazungumzia ini, na hayo hayasubiri kesho. Kwa sisi weusi sehemu nyeupe ya jicho mara nyingi ina ukahawia wa asili pembeni, kwa hiyo usiangalie pale. Mwambie mtu atazame chini, inua kope ya juu, angalia kwenye mwanga wa jua, kisha muombe ainue ulimi uangalie chini yake.

Vitabu nilivyosomea vilikuwa na picha za ini lililochoka kwenye ngozi ya Kizungu: pua nyekundu, mashavu mekundu, vimishipa vyenye umbo la buibui kifuani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hufichika, na tabibu asiyejua huandika kwamba hakuna dalili. Mimi nilijifunza kumpeleka mgonjwa dirishani, kubonyeza katikati ya kila kidoa cha kifuani kuona kama kinatoweka na kurudi, na kutazama viganja, kwa kuwa viganja havifichi rangi kwa mtu yeyote. Viganja vya Fundi vilikuwa vyekundu kwenye ukingo wa chini, upande wa kidole kidogo. Kifuani vidoa viwili. Ini lilikuwa linaanza kusema, kwa sauti ya chini.

Halafu ile midomo. Midomo myekundu kwetu inatosha kumhukumu mtu: kwa wengine ni gongo, kwa wengine ni virusi. Ya Fundi ilikuwa imechubuka, na kwenye pembe za mdomo kulikuwa na nyufa zinazouma akipiga miayo. Ulimi ulikuwa mwekundu, umevimba, umelainika kama umepigwa msasa. Hizo ni dalili za upungufu wa vitamini B, niasini na wenzake. Ndizo zilizomfanya aache mboga yenye pilipili na limau, kisha akaacha mboga zote, na kwa kuziacha akazidi kuzama.

Nilimweleza dada kwamba si virusi, si mkorogo, na haiambukizi. La mwisho ndilo alilouliza mara mbili, kwa sababu watoto walikuwa wamekatazwa kunywea kikombe cha mjomba wao. Hofu hiyo ni ya zamani kuliko sisi. Ugonjwa huu ulielezwa na daktari Gaspar Casal huko Asturias, Hispania, mwaka 1735, na ule mkanda wa shingoni mpaka leo unaitwa mkufu wa Casal. Ulipoenea kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 wengi waliamini ni wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyepewa kazi ya kuuchunguza mwaka 1914, aligundua kwamba kwenye hospitali za vichaa na nyumba za yatima wanaugua wanaolishwa, na si wafanyakazi wanaowahudumia. Mwaka 1915 aliwalisha wafungwa 11 wa Mississippi waliojitolea chakula cha mahindi na wanga, na 6 kati yao wakapata ngozi ileile. Mwaka uliofuata yeye, mkewe na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa, na wanaume wakameza magamba ya ngozi za wagonjwa hao, kuonyesha kwamba hakuna maambukizi. Na si lazima kwenda mbali: mwaka 1990, karanga zilipokatika kwenye mgao wa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, zaidi ya watu 17,000 walipata pelagra. Hao hawakuhitaji pombe. Fundi alijitengenezea kambi ya wakimbizi ndani ya nyumba yenye maharage.

Nilimpa rufaa kwenda hospitali, na nitaeleza kwa nini sikumwambia tu aache pombe arudi nyumbani. Mtu anayeanza asubuhi kwa gongo ili mikono itulie, mwili wake umeshaitegemea. Akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili au ya tatu anaweza kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, hata kufa. Familia nyingi humfungia ndugu yao chumbani kwa mapenzi kabisa, zikidhani zinamsafisha. Nilimwambia dada wazi: usimfungie, na usimnyang'anye kikombe usiku huu. Kesho asubuhi mpande gari.

Hospitalini alipewa diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa kipimo kilichopunguzwa siku hadi siku, na thayamini, yaani vitamini B1, ya sindano kabla ya dripu ya glukosi, kwa kuwa ubongo uliokaukiwa thayamini unaweza kudhurika zaidi ukimwagiwa sukari kwanza. Kwa ajili ya ngozi alipata nikotinamidi, miligramu 300 kwa siku zilizogawanywa mara tatu. Nikotinamidi ni sura ya niasini isiyomfanya mtu awake moto usoni. Vidonge vya kawaida vya B-kompleksi aliongezewa, lakini peke yake vina niasini kidogo mno kwa kazi hii, na nimewaona wagonjwa waliovimeza miezi bila nafuu.

Kilichobadilika kwanza hakikuwa ngozi. Siku ya tatu aliomba chai yenye limau, na ulimi haukumuuma. Siku ya nne aliniulizia kwa simu ya dada, akinitaja jina. Kuhara kulikoma wiki hiyo. Ngozi ilichukua muda wake: wiki ya pili magamba yalianza kuinuka kuanzia katikati kwenda pembeni, na wiki ya nne chini yake kulikuwa na ngozi mpya, laini, iliyopauka kidogo. Alivaa shati la mikono mirefu bila kuikunja na akafunga kitambaa shingoni anapotoka. Chakula dada alikipanga bila fedha ya ziada: maharage kila siku, karanga za kusaga kwenye mchicha, dagaa mara mbili kwa wiki, yai kuku akitaga. Aliniuliza kama abadili sembe kwa dona. Nikamwambia dona ni bora, lakini asiyaache maharage akitegemea dona.

Mashavu yalichukua miezi mitatu kupungua, na hayakurudi kabisa. Watu wakaanza kumwambia dada, kwa huruma, kwamba mdogo wake amekonda usoni, labda sasa ndiyo anaumwa.

Kuacha pombe kabisa hakuweza. Alikaa wiki kumi na moja bila tone, kisha rafiki yake wa zamani akamaliza nyumba na kukawa na sherehe. Sikumgombeza, na nilimwomba dada asimgombeze. Tulikubaliana mambo ambayo angeweza: asiguse gongo, asinywe kabla ya kula, na sahani ya maharage itangulie hata kama ulanzi unamsubiri. Si makubaliano ambayo ningeyaandika kwenye kitabu. Ndiyo aliyoyashika kwa muda mrefu kuliko mengine yote.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeujaza ulanzi kila kona, nilimkuta kwenye benchi la mapokezi asubuhi, peke yake, amevaa viatu vya kufunika miguu. Alikuwa ametoka kazini, timazi imechungulia mfukoni. Aliingia, akaketi, akafungua kifungo cha juu cha shati kabla sijamwambia. "Angalia hapa, daktari. Jana sikupaona." Nikamsogeza dirishani. Upande wa kushoto wa shingo kulikuwa na mstari mwembamba, mweusi kidogo kuliko ngozi ya jirani, mkavu ukiupitishia kidole. Nilimuuliza amekunywa kopo ngapi kwa siku wiki hii, akanihesabia moja moja, nami nikaziandika kwa tarakimu. Vidonge tulianza siku hiyohiyo.